Gari yako haifi kwa uzee, unaiua mwenyewe kwa maji ya kisima



Leo siandiki habari za mbolea wala za inzi wa maembe. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na wewe mwenye pikapu ya dizeli. Soma mpaka mwisho, kisha ukitaka kunikasirikia, nikasirikie.

Alkhamisi iliyopita, mapema asubuhi, niliikuta pikapu imesimama pembeni ya barabara kabla ya kufika Mahonda. Boneti iko wazi, mvuke unapanda kama sufuria ya muhogo. Nyuma mlikuwa na matenga ya tungule na mikungu ya ndizi ya watu watano wa upande wa Kinyasini. Mwenye gari amekaa chini ya mwembe. Nilipomuuliza kulikoni, hakuinua hata kichwa. "Bwana shamba, gari kuukuu hii. La kuvunda halina ubani."

Kijana wake akatokea na dumu la maji, kayateka kisima cha nyumba ya jirani. Injini bado ya moto, akaanza kuyamimina rejetani.

Kati ya wale watano alikuwemo mama mmoja aliyekuja mwenyewe na matenga yake mawili ya tungule. Alifika Mwanakwerekwe mnada umeshakwisha na jua limeshazipika tungule zake. Aliuza kwa bei ya kuzitupa, akatoa na nauli. Mwenye gari alipoteza asubuhi moja. Yule mama alipoteza kazi ya miezi mitatu, na hakuna aliyemuomba radhi.

Basi nasema wazi: gari ile haikuvunda, inauliwa. Anayeiua ni mwenyewe, kwa dumu lile la maji.

Uzee umesingiziwa

Tunapenda kuusingizia uzee. Lakini pikapu hizi za dizeli, Hilux, Isuzu, Nissan, nyingi zilifika hapa zimeshatumika Japani au Dubai, na bado zikabeba mazao miaka na miaka. Injini kama 2L na 3L za Toyota ni chuma kizito kilichofanywa kwa mpango mwepesi. Hazina cheche ya plagi. Hewa hubanwa ndani ya silinda zaidi ya mara 20 mpaka inakuwa ya moto mkali, dizeli inanyunyizwa, inawaka yenyewe.

Injini ya namna hiyo inataka vitu vinne tu kwako: hewa safi, dizeli safi, oili ya kutosha, na joto lisilopindukia. Hivyo viwili vya mwanzo ukivikosea, itakulalamikia kwa muda mrefu: itatoa moshi, itakosa nguvu, itakataa kuwaka asubuhi. Cha tatu na cha nne ukivikosea, haikupi nafasi ya pili. Hedi ikipata moto kupita kiasi hupinda au hupasuka, na injini za 2L zinajulikana kwa hilo dunia nzima. Mchemko mmoja mkubwa unatosha.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze maji zaidi ya yote.

Nenda jikoni ukaliangalie birika

Chukua birika la chai la nyumbani kwako, ulitazame ndani. Ule ukoko mweupe uliogandia chini na ubavuni ni chokaa. Unguja yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Mvua inapita ndani ya mawe hayo, inaondoka na chokaa yake, na sisi tunayateka maji hayo kisimani. Kwa kunywa hayana neno. Lakini yakipata moto, chokaa inajitenga na kugandia pale palipo na moto zaidi.

Sasa fikiri. Kama birika la mwaka mmoja liko hivyo, na unaweza kulikwangua kwa kijiko, rejeta yako ya miaka kumi ikoje? Mirija yake ni myembamba, uwazi wake wa ndani haukuzidi sana njiti ya kiberiti. Hakuna kijiko kitakachoingia humo.

Na kuna jambo jengine ambalo watu hawalioni. Gari inapovuja mvuke, maji ndiyo yanayoondoka, chokaa haiondoki. Ni kama watu wanaopika chumvi pwani: jua huchukua maji, chumvi hubaki. Kila dumu unaloongeza ni dozi mpya ya chokaa juu ya ile ya jana. Ukisema "gari yangu inakunywa maji kidogo tu, lita moja kwa siku", unaniambia kwamba unaitia sumu kila siku, kidogo kidogo.

Kwa ndugu zangu wa Jambiani, Bwejuu na Makunduchi ambao visima vyao vina chumvi, msiba ni mara mbili. Chokaa inaziba, chumvi inakula chuma. Rejeta inatoboka kutoka ndani, na wewe unamlaumu aliyekuuzia.

Habari ya themostati

Hapa nitawaudhi na baadhi ya mafundi, lakini nawaheshimu, kwa hivyo nitawaambia ukweli.

Karibu kila pikapu kongwe ninayoifungua hapa Unguja haina themostati. Imetolewa. Ukiuliza, jibu ni moja: "Nchi yetu ya joto, themostati ni ya Ulaya, ya baridi."

Si kweli. Themostati ni kilango kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, ili ipate joto haraka. Joto likifika kiasi chake, baina ya nyuzi 76 na 88 kwa injini nyingi, kinafungua maji yaende rejetani. Waliotengeneza injini walijua kwamba gari itauzwa Arabuni na Afrika, na bado wakaitia.

Ukiitoa, mambo mawili yanatokea. La kwanza, injini inakwenda ikiwa baridi muda mrefu: inakula dizeli zaidi, inachafua oili, ringi zinalika. La pili ndilo linalowashangaza watu. Katika injini nyingi kilango kile kina sahani ya chini ambayo, kinapofunguka, inaziba njia ya mkato. Bila ya sahani hiyo njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto yanarudi injini bila ya kupita kwenye rejeta. Maana yake umetoa themostati ili gari isichemke, na siku ya mzigo mkubwa na jua kali inachemka zaidi.

Kwa nini basi ukiitoa gari inaonekana kupona? Kwa sababu rejeta imeshaziba nusu, na kuitoa themostati kunapunguza kikwazo kimoja. Maji yanapita kwa nguvu kidogo zaidi, mshale unashuka, wewe unafurahi, unamlipa fundi. Ugonjwa uko pale pale na unakua. Ni sawa na mtu mwenye homa kutupa kipimajoto.

Nayajua haya kwa sababu yamenifika. Nilinunua Hilux ya 2L ambayo umri wake ulikuwa unakaribia wangu. Ikaanza kuchemka. Fundi mmoja, simtaji, akatoa themostati na kuirusha kwenye pipa la taka mbele ya macho yangu, nami nikacheka. Miezi mitatu gari ilikuwa nzuri. Natia maji ya bomba, natia ya kisima, natia chochote. Siku moja natoka Makunduchi na magunia ya muhogo nikaona moshi mweupe nyuma, na mshale umelala kwenye nyekundu. Nikasema nitafika. Sikufika. Hedi ilipofunguliwa ilikuwa na ufa baina ya matundu mawili ya vali. Rejeta ilipofunguliwa, mirija karibu nusu ilikuwa imezibwa na kitu cheupe kama chokaa ya kupakia ukuta. Nilitafuta hedi ya kutumika mwezi mzima, na mwezi huo niliwatembelea wakulima wangu kwa baskeli. Bei ya themostati mpya na dumu la kulanti ilikuwa haifiki hata sehemu ndogo ya hasara ile.

Kwa hivyo sikusemi kutoka juu. Nakusema kutoka chini ya mwembe ule ule.

Utaniambia haya, nami nitakujibu

*"Kulanti ghali."* Ghali kuliko nini? Kuliko hedi? Kulanti haikaushwi kila siku. Mfumo ukiwa hauvuji, inakaa miaka miwili. Inazuia kutu, inazuia chokaa, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukinunua iliyochanganywa tayari, usiongeze maji. Ukinunua nzito, changanya nusu kwa nusu na maji laini. Na soma kibandiko: kuna maji yenye rangi ya kijani yanayouzwa kwa jina la kulanti, na ndani hamna kitu ila rangi. Tahadhari moja kubwa: kulanti ni sumu na ladha yake ni tamu. Usiiache kwenye bakuli ambalo mtoto, kuku au mbuzi atafikia.

*"Maji laini nitayapata wapi?"* Juu ya paa lako. Masika na vuli tunamwaga neema. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwa dakika kumi hivi, kisha kinga pipa, lifunike mbu wasizaliane. Maji ya mvua hayana chokaa. Dumu moja la lita 20 litaitosha gari yako msimu mzima. Huna ya mvua? Chemsha maji ya kisima, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu taratibu, ule unga wa chini uache. Hapo umeipunguza chokaa sehemu kubwa. Lakini kisima cha chumvi hakitibiki kwa kuchemsha, usijidanganye.

*"Yangu haina themostati miaka mitano na inakwenda."* Na mimi yangu ilikwenda, mpaka ilipokataa.

*"Rejeta ikivuja natia bizari inaziba."* Bizari, pilipili manga, yai, sabuni, nimeviona vyote. Tumebarikiwa kisiwa cha viungo, lakini viungo mahala pake ni chungu cha pilau. Kile kinachoziba tundu la kuvuja ndicho kitakachoziba na mirija mizima. Rejeta inayovuja huchomewa.

*"Mimi si fundi."* Ng'ombe wako akiacha kula, unamwita daktari wa mifugo, lakini wewe ndiye uliyegundua. Sikwambii ufungue pampu ya dizeli. Nakwambia uiangalie gari yako kabla haijaumwa.

Usafishe namna hii, nyumbani

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Hili si la kufanyia mzaha. Kifuniko cha rejeta kinabana maji ili yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Ukikifungua kikiwa cha moto, maji yanachemka kwa mpigo mmoja na yanakurukia usoni pamoja na mvuke. Kuna watu wamebaki na makovu.

Fungua koki ya chini ya rejeta, maji yote yaingie kwenye beseni. Usiyamwage uwanjani wala shimoni. Yakiwa na rangi ya kutu au unga mweupe, umeshapata jibu lako. Toa mpira wa juu na wa chini, tia mpira wa bustani kwenye tundu la chini la rejeta, sukuma maji kwenda juu mpaka yatoke meupe. Maji yakipita kwa shida, usipoteze muda: mpelekee fundi wa rejeta aichomoe matangi na apitishe vyuma mirijani. Rejeta za shaba za zamani zinakubali tiba hiyo.

Chukua themostati mpya na uijaribu kabla ya kuifunga. Itundike kwa uzi ndani ya kopo la maji jikoni, isiguse chini, weka moto. Maji yakikaribia kuchemka utaiona inafunguka. Yakipoa, inafunga. Isiyofunguka irudishe dukani. Ukiifunga, kile kitundu chake kidogo chenye kipini kielekee juu, hewa ipate pa kutokea. Gasketi mpya, si ya zamani kupakwa gundi.

Jaza polepole, gari ikiwa imeelekezwa pua juu kidogo ya mwinuko. Washa, kifuniko kikiwa wazi, ngoja mpaka mpira wa chini wa rejeta upate moto, ndipo hewa itakuwa imetoka. Ongeza, funga. Siku ya pili asubuhi pima tena.

Na tafuta lile kava la feni lililotupwa. Pikapu nyingi za shamba hazina. Bila ya kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ni plastiki tu, lakini ni plastiki inayookoa hedi.

Dakika kumi kila alfajiri

Ukitoka kuswali, kabla hujapakia hata tenga moja, fanya haya:

1. Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi. Maji yawe mpaka shingoni. Yakipungua kila siku na chini hamna tone, yanakwenda ndani ya injini: muone fundi wiki hii, si mwezi ujao.
2. Binya mpira wa juu. Ukiwa mgumu, umejaa upepo, na injini imelala usiku kucha, gasketi ya hedi imeanza kupitisha.
3. Chomoa kijiti cha oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi haraka, usiogope weusi. Ogopa ikiwa na rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, usiiwashe.
4. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ushuke kidogo, kiasi cha upana wa kidole. Ukiwa na nyufa, badilisha.
5. Tazama chini ya gari. Maji, oili, dizeli, mafuta ya breki: kila tone lina jina lake.
6. Kanyaga breki mara tatu. Ikizama, gari isitoke.

Ukiwa njiani, tazama mshale wa joto kila unapopanda mlima. Kama geji imekufa, itengeneze kabla ya kutengeneza redio. Mshale ukipanda, simama hapo hapo. Zima, fungua boneti, kaa nusu saa na zaidi. Usimwagie maji baridi injini ya moto, maana hilo ndilo linalopasua. Ikipoa, fungua kifuniko kwa kitambaa, kidogo kidogo, kisha ongeza maji polepole injini ikiwa inanguruma. Afadhali tungule zichelewe nusu saa kuliko gari ichelewe mwezi.

Dizeli, oili na chumvi, kwa ufupi

Dizeli ya dumu ina maji. Iache itulie usiku, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa. Kila wiki legeza koki chini ya filta ya dizeli, utoe maji mpaka ije dizeli tupu. Ukimaliza, piga ile pampu ya mkono ya juu ya filta mpaka iwe ngumu. Na wale wanaochanganya mafuta ya taa kila bei ya dizeli inayotangazwa na ZURA inapopanda: pampu yako inalainishwa na hiyo hiyo dizeli. Mafuta ya taa ni makavu. Unaokoa shilingi kwenye tangi, unalipa laki kwa fundi wa pampu.

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kama njia yako ni ya vumbi. Utasema mita ya kilomita imekufa. Basi hesabu safari. Kutoka Nungwi mpaka mjini ni kiasi cha kilomita 60. Kwenda na kurudi 120. Safari 40 ni kilomita 4,800. Piga alama kwenye daftari. Injini za 2L na 3L zina mkanda wa taimingi wa mpira, nao una umri wa kilomita 100,000. Kama umenunua gari na hujui ulibadilishwa lini, chukulia kuwa siku yake imefika, kwani ukikatika, vali na pistoni zinagongana.

Oili chafu usiimwage ardhini, wala usipake chesisi. Inaoza mipira na bushi. Zaidi ya hapo, mawe yetu yana matundu, na unachomwaga juu kinashuka haraka. Maji tunayokunywa yanatoka chini hapo hapo. Weka kwenye dumu, mpe fundi mwenye pa kuipeleka.

Na nyinyi mnaobeba mwani, kazi iliyoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 na inayolisha nyumba nyingi za kina mama wa pwani ya mashariki: mwani mbichi unachuruza maji ya bahari mpaka kwenye chesisi. Tandika turubai, na jioni osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siyo bodi pekee yake. Bodi inayong'ara juu ya chesisi iliyooza ni jeneza lililopakwa rangi.

Wewe unayekusanya hesabu tu

Neno la mwisho ni kwa mwenye gari asiyeendesha. Unamkabidhi kijana ufunguo, jioni unataka hesabu kamili, na akikwambia gari inachemka unamwambia "ongeza maji". Kisha ikifa unasema dereva mbaya.

Kijana yule anajua akisimama nusu saa, hesabu haitimii. Basi hasimami. Umemlazimisha kuiua gari yako ili akulipe fedha zako. Dereva humlaumu tajiri, tajiri humlaumu fundi, fundi huilaumu gari. Yule mama wa tungule hana hata wa kumlaumu.

Nunua kibubu, andika juu yake GARI. Kila safari, kabla ya kugawana chochote, kitu fulani kiingie humo: hiyo ni ya kulanti, oili, filta, mkanda. Gari isiyo na kibubu ni ng'ombe unayemkamua bila ya kumpa majani. Na mwambie dereva wako, mbele ya mashahidi, kwamba siku ya kusimama kwa ajili ya joto hesabu haidaiwi. Utaona gari itakavyopona.

Fundi mzuri naye mlipe. Wapo, tena wapo vijana waliotoka vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni wanaojua wanachofanya. Lakini ukimwambia fundi "nifanyie rahisi rahisi", atakufanyia hivyo, na themostati itakuwa ya kwanza kwenda pipani.

Yapo ya kumuachia yeye: pampu na nozeli, hedi, steringi, na breki usizozielewa. Asikwambie mtu utie maji ya sabuni kwenye breki ukikosa mafuta yake. Gari yenye watu nyuma isiposimama, hakuna tena suala la ukongwe. Na kamwe usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo ya mnazi, weka matairi, weka chochote kitakachobeba uzito jeki ikiteleza.

Nilirudi kwa yule bwana wa Mahonda juzi, nikiwa na themostati mfukoni na birika la kwetu mkononi. Nilimuonesha ukoko wa birika, sikusema kitu. Akaligeuza, akalikwangua kwa ukucha, akanyamaza. Kisha akamwita kijana wake: "Lile pipa la paa la banda, lioshe. Vuli imekaribia."

Na wewe, kesho alfajiri, anza na kifuniko cha rejeta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa tungule za watu.